Ignace na Nozeli Nne za Subaru

Ignace hukaa Castle Vale, hapa Birmingham, ghorofa ya tatu, peke yake, na mezani pake pana kalenda ambayo amezungushia duara siku ya mwisho ya kila mwezi. Mimi humwita Baba Merveille, kwa sababu ana binti wa miaka minne mwenye jina hilo, ingawa binti yuko Kampala na mama yake, Henriette, na Ignace amemshika mikononi kwa wiki tano tu tangu azaliwe. Naandika habari zake kwa sababu kanisani kwetu kuna watu wanaozisema vibaya, na chanzo cha kusemwa kwake ni mimi.

Ni mtu wa Bukavu. Alijifunza ufundi huko kwa mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza malori ya kubeba bia, na aliniambia kwamba siku zile walisafisha nozeli za injini kwa mswaki, betri ya gari na bomba la sindano la hospitali. Nozeli ni vile vidude vya urefu wa kidole vinavyopulizia petroli ndani ya injini. Zikiwa safi, petroli hutoka kama ukungu. Zikiziba, hutoka kama mate ya mtoto, na injini hukohoa. Hayo nimeyajua mwaka huu, na ningefurahi kama nisingelazimika kuyajua.

Alikuja Birmingham akiwa mkimbizi, akapakia masanduku kwenye ghala hili na lile miaka minane, akapata uraia, akaenda Kampala kumwoa Henriette. Alidhani wakishaoana wataishi pamoja. Kumbe ili mke aruhusiwe kuja, mume lazima aonyeshe karatasi za mshahara za miezi sita mfululizo, kwa mwajiri mmoja, pamoja na barua ya mwajiri huyo. Vibarua vya muda havikutosha, na ghala lililomwandika kazi lilifungwa akiwa amefikisha mitano. Ikabidi aanze upya kutoka mwezi wa kwanza, na ndipo Sukhvinder alipomchukua.

Sukhvinder ni Singasinga mwenye gereji Stechford, karibu na stesheni. Hutengeneza magari ya Kijapani ya zamani, yale ya mbio. Alikuwa na mashine ya kupimia nozeli, yenye mirija minne ya kioo, lakini hakuna mfanyakazi wake aliyekuwa na subira nayo. Ignace alikuwa na subira. Alizitia nozeli kwenye beseni dogo la dawa linalotetemeka mpaka uchafu ukaachia, akabadilisha machujio na vipete vya mpira, kisha akazifunga kwenye mashine zipulize ndani ya mirija. Mirija yote minne ikijaa sawasawa, kazi imekwisha. Mmoja ukipungua hata kwa unene wa ukucha, alirudia.

Na alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo kwao. Kila alichokitoa kwenye gari la mtu, chujio kuukuu au kipete kilichokatika, alikitia kwenye mfuko wa plastiki akamkabidhi mwenye gari, aone kwa macho yake kwamba kweli kimebadilishwa. Wateja waliupokea ule mfuko wakautupa kwenye pipa la hapo nje. Sukhvinder alimcheka.

"Unawapa watu takataka zao warudi nazo nyumbani," alimwambia.

Ignace hakuacha.

Mimi ndiye niliyempelekea gari la binti yangu, Cheryl. Ni mtoto wangu wa pekee, ana miaka ishirini na minne, na anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake, na ya Sukhvinder, nayaandika kwa namna nilivyoyaelewa. Mwaka jana alinunua Subaru la buluu linalolingana naye umri, lenye turbo, lenye sauti ya kuamsha mtaa. Kwetu Kenya mtu akisema Subaru, kila mzazi anajua anachoambiwa. Mdogo wangu Mark alikufa ndani ya Subaru kwenye barabara ya Eldoret. Nilipoliona la Cheryl limesimama mbele ya nyumba, nilimwambia alirudishe alikolitoa.

"Mama, ni gari tu," Cheryl alisema.

"Hata lile lingine lilikuwa gari tu."

Kanisani kwetu, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, tunapeleka chupa za mafuta ya zeituni yaombewe. Tunapaka milango, vitanda, vipaji vya nyuso za watoto. Nilitaka kulipaka Subaru. Nilipaka mara moja tu, kwenye kioo cha mbele, na Cheryl alipowasha vifuta kioo mafuta yakatapakaa asione njia. Alirudi amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Usiliguse gari langu tena, Mama. Nimekuomba vizuri."

Nilisema sawa. Halafu nikakaa nikawaza kwamba kama nje hataki, ndani hataona.

Nilikuwa na ufunguo wa akiba. Jumapili baada ya ibada, Cheryl akiwa amelala baada ya zamu ya usiku, nilifungua mlango wa dereva, nikavuta kile kitasa kilicho sakafuni kando ya kiti, kifuniko cha tangi kikafunguka nyuma. Mara ya kwanza nilimimina kifuniko kimoja cha chupa. Wiki iliyofuata niliota ndoto mbaya, nikamimina nusu kikombe. Tangu hapo ikawa nusu kikombe kila Jumapili, huku natazama dirisha lake la juu nisije nikaonekana. Niliomba nikitaja jina lake na la gari. Sikufikiria injini hata mara moja. Nilidhani petroli na mafuta ni ndugu.

Mwezi wa tano gari likaanza kukohoa. Likisimama kwenye taa lilitetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikamwambia Cheryl kuna fundi wa kanisani kwetu, mwaminifu, tena ana mashine. Ignace akazitoa nozeli zote nne, akazisafisha, akazirudisha. Gari likawa jipya. Alinipa mfuko wake.

"Mama Cheryl, umupatie mutoto aone. Machujio ya zamani ni haya. Nimetia mapya, sikumudanganya."

Niliuweka kwenye droo bila kuufungua. Na Jumapili iliyofuata, kwa furaha kwamba gari limepona, nilimimina nusu kikombe.

Mwisho wa mwezi wa sita likakohoa tena. Cheryl akalirudisha. Sukhvinder alisimama kando ya Ignace muda wote wa kazi, mikono kifuani. Ignace alimuuliza Cheryl anatia petroli wapi, na Cheryl akamjibu kwamba anatia pale pale wanapotia wateja wengine wote. Ignace akasema labda mpira wa ndani ya tangi umeoza unayeyuka. Sukhvinder akasema fundi asiyejua kosa lake hulitafuta kwenye tangi la mteja. Nozeli zikasafishwa mara ya pili, bure. Mimi, kwa hofu, nikaongeza kipimo. Ikawa kikombe kizima.

Sasa nifike kwenye siku ya M6, ile barabara kuu ya mwendo kasi. Ilikuwa Ijumaa mchana. Cheryl alikuwa kwenye njia ya kuyapita magari mengine, akitokea upande wa Castle Vale, alipokanyaga mafuta, gari likapiga kishindo, likakata nguvu. Lori lililokuwa nyuma yake lilimkwepa kwa kuhama njia huku likipiga honi. Alijikokota mpaka pembeni, akapanda ukingo, akakaa kwenye majani akanipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Mama, yule rafiki yako angeniua."

Gari likavutwa mpaka gereji. Jumamosi Sukhvinder akamwambia Ignace azitoe nozeli mbele yake. Ncha zake zilikuwa za kahawia, zimegandwa. Mara ya tatu ndani ya miezi mitatu. Akamwambia kama kufikia Ijumaa inayofuata hajaonyesha sababu, atafute kazi kwingine, na barua hataandika. Ignace alikuwa na karatasi nne za mshahara. Alibakisha mbili.

Hayo Ignace aliniambia mwenyewe, Jumapili, kwenye ukumbi baada ya ibada, wakati wengine wanakunywa chai. Suti yake ilikuwa imemlegea mabegani. Ndugu Évariste, ambaye aliahidi kumletea gari lake, alipita karibu akasalimia kila mtu isipokuwa yeye.

"Unaona?" Ignace alisema. "Ule naye amesikia. Banasema Ignace anasafisha na mate."

"Nani anasema hivyo?"

"Bote." Akanipa mfuko wa plastiki. "Hii ni ya jana. Umuonyeshe Cheryl. Machujio ni mapya, nilitia mwezi uliopita, namba iko pale. Mimi sikuiba kazi yake. Mama, minakuomba kitu moja. Uniombee. Mimi sijue kosa iko wapi. Ninaona na macho yangu, mirija inajaa sawa sawa, ninafunga, inatoka hapa muzima. Henriette ananiuliza kwa simu, ninamuambia yote iko bien. Nikianza tena miezi sita, sijue kama ataendelea kunisubiri."

Nilimwahidi nitamwombea. Nilikuwa nimebeba chupa yangu ya mafuta kwenye mkoba, mpya, imetoka kuombewa.

Nyumbani niliumwaga ule mfuko juu ya karatasi, jikoni. Vilikuwepo vichujio vinne, vidogo kama punje za mahindi, na vipete. Nilikishika kimoja kikanata kwenye kidole. Nikasugua kidole na gumba. Nikaugusa ukingo wa jiko, pale juu ambapo mafuta ya kupikia huruka na kugandamana kwa miezi, ule unato wa rangi ya asali usiotoka kwa sabuni. Ni kitu kilekile. Sikuhitaji mtu wa maabara anieleze. Nimesugua majiko ya watu miaka kumi na tisa, na ninaijua ile nta kwa kuigusa tu gizani.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati. Nilielewa yote kwa mara moja: kukohoa, M6, lori, karatasi mbili. Nilichokimimina ili mtoto wangu asife ndicho kilichosimamisha gari lake mbele ya lori.

Ningependa kusema kwamba niliinuka nikaenda kukiri. Sikwenda. Jumatatu nilikwenda kazini nikamwosha mzee ninayelipwa kumtunza, nikamvalisha fulana nyuma mbele. Jumanne Cheryl alikaa mezani akiandika malalamiko yake kwenye simu, ya kuweka mahali ambapo kila mtu atayasoma, na alinisomea ili nimsaidie kukumbuka tarehe.

"Fundi huyu hajui kazi na anahatarisha maisha. Sawa, Mama? Au ni kali mno?"

"Ngoja kidogo," nilisema. "Usiipeleke leo."

"Kwa nini unamtetea?"

Nilifungua mdomo. Nikafikiria ufunguo wa akiba, nikafikiria jinsi alivyosema nimekuomba vizuri. Mimi sina mtu mwingine. Baba yake alirudi Kenya zamani. Nikasema chai inapoa. Jumatano ikapita vilevile.

Alhamisi asubuhi Henriette alinipigia. Nambari alipewa na Ignace siku nyingi, kwa ajili ya dharura. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, mume wangu ni mugonjwa? Hapokei simu tangu jana. Uniambie tu ukweli, mama. Kama amepata mwanamuke mwingine, uniambie."

"Hajapata mwanamke," nilisema. "Ana shida kazini. Leo itakwisha."

Nilisema itakwisha kabla sijaamua. Baada ya hapo nilivaa koti, nikachukua chupa, nikapanda basi.

Gereji ilikuwa wazi, Subaru limesimama ndani boneti juu. Ignace alikuwa ameinama kwenye beseni lake, anarudia kuzisafisha zile nozeli nne kana kwamba safari hii zitamweleza. Sukhvinder alikuwa kwenye kiti akinywa chai.

Niliiweka chupa juu ya meza yake. Nikasema kwa Kiingereza changu kilichovunjika kwamba ni mimi. Kila Jumapili. Nusu kikombe, halafu kikombe.

Sukhvinder aliitazama chupa, akanitazama mimi, akamtazama Ignace.

"Anti," alisema taratibu, "nyinyi mnasali pamoja?"

"Ndiyo."

"Kanisa moja, lugha moja. Na kesho ndiyo Ijumaa. Mimi ni mtoto mdogo, Anti? Nani anamimina mafuta ya saladi kwenye tangi la petroli?"

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aibu isipokuwa ya kutoaminiwa. Nilimwapia kwa Mungu. Akasema hata mama yake huapa kwamba hajala peremende. Nikahisi machozi yanakuja, na nilijua nikilia ataona nina huruma tu na mtu wa kwetu.

Ignace alikuwa amesimama, mikono inadondosha dawa. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kifundi, kama unavyotazama mlio unakotoka.

"Mafuta ya zeituni?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Ya zeituni."

"Kikombe nzima?"

"Kizima. Mara nne sasa."

Akaenda kwenye Subaru, akaingiza mpira mwembamba kwenye tangi akavuta petroli kidogo kwenye chupa ya jemu. Akachukua na ya kwenye galani la gereji. Kisha akauokota mfuko wa karatasi uliokuja na sambusa za Sukhvinder, akauchana upande safi, akadondosha tone moja kushoto na tone moja kulia. Akauweka kwenye boneti ya gari lingine, nje, kwenye upepo. Akarudi akasimama.

"Tungoje," alimwambia Sukhvinder.

Ndipo Cheryl alipoingia. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, alikuja kuchukua gari lake akalipeleke kwa fundi mwingine, simu mkononi. Aliponiona alisimama.

"Mama? Unafanya nini hapa?"

Hakuna aliyenisaidia. Nikamwambia, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza ningeficha. Alisikia kila neno. Nyuma yake karatasi ilikuwa inakauka.

"Kila Jumapili?" aliuliza.

"Kila Jumapili."

"Nikiwa nimelala."

"Ukiwa umelala."

Alikaa juu ya rundo la tairi. "Lile lori lilipita hapa, Mama," akasema, akaweka kiganja karibu na shavu lake. "Hapa."

Sukhvinder alikuwa ameichukua ile karatasi. Aliielekeza kwenye mwanga wa mlango. Tone la galani lilikuwa limekwenda, karatasi imebaki kavu kama haikuguswa. La Cheryl lilikuwa limeacha doa la duara, linang'aa, unaona kidole chako upande wa pili. Alilinusa. Akalipitishia ukucha.

"Haya," alimwambia Ignace mwishowe. "Lishushe tangi, ulioshe, ubadilishe chujio la petroli, kisha nozeli. Jumatatu uje kama kawaida."

"Na barua?"

"Ukifikisha miezi sita, barua utaipata. Nimesema."

Ignace aliitikia kwa kichwa akarudi kwenye beseni. Nilimfuata. Nilimwambia nimekosa, anisamehe. Alizitoa nozeli moja moja, akazifuta, akazipanga juu ya kitambaa.

"Zaidi ya mwezi muzima, mama," alisema bila kugeuka. "Nilianza kuogopa mikono yangu. Usiku ninaitazama. Ninasema labda imekufa."

"Nisamehe, Baba Merveille."

"Nimesikia. Umupigie Henriette, umuambie wewe mwenyewe. Mimi nitasema nini? Atasema ninatunga hadithi."

Nilimpigia hapo hapo, nje ya mlango. Henriette alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama gari ni la bei kubwa. Nikasema hapana, ni kuukuu. Akasema, "Basi, mama, mutoto wako na atembee na basi." Akakata.

Nilipogeuka Cheryl alikuwa amesimama, mkono umenyooshwa mbele yangu. Nikautoa ufunguo wa akiba kwenye mkufu wangu wa funguo, ukucha ukanikatika. Wiki hiyo alihamia kwa Neeta, mwenzake wa kazini, Moseley. Hunitumia ujumbe kila jioni kwamba amefika salama. Ni neno moja tu, na huwa silali kabla halijafika.

Nilimwomba mchungaji nafasi ya kutoa ushuhuda, watu waache kumsema Ignace. Alifikiri, akasema ushuhuda wa namna hiyo utawachanganya wachanga wa imani, na akaniomba niliache lipite lenyewe. Halijapita. Ndugu Évariste bado anapeleka gari lake kwingine. Kwa hiyo nimeliandika, na kila anayesoma Kiswahili katika mji huu ajue: fundi hakukosea. Nozeli alizisafisha vizuri mara zote tatu.

Karatasi ya tano ameipata. Ya sita ni mwisho wa mwezi huu. Jana nilipita mbele ya gereji nikiwa ndani ya basi, nikamwona kupitia mlango ulio wazi, ameinama mbele ya mirija minne, uso karibu kabisa na kioo, anasubiri ijae.